Nyumba ya Kona, Daraja la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Imekuja yenyewe mezani. Sikuitafuta.

Nyumba ya kona. Mwenyewe anaomba kibali: ang'oe ngazi ya katikati, avunje kuta za vyumba vya mbele, ua wa ndani auzibe kwa zege, kisha amuuzie mtu wa hoteli. Chini ya ombi, jina lake. Baba Mdogo. Mdogo wake baba, tumbo moja, ziwa moja.

Mkuu kasema nikaikague, nione kama inastahili kuingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Nikajibu sawa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: Mkuu, nyumba hii nimezaliwa humo. Huyu mtu alitutoa mimi na mama yangu udongo wa kaburi la baba haujakauka, akasema nyumba ni ya ukoo na mjane si ukoo.

Sikusema. Kazini natumia jina la mume wangu. Leo ndiyo nimeona faida ya ndoa.

Mama sikumwambia. Wimbo wake naujua: mwachie Mungu. Nimemwachia tangu nikiwa darasa la tatu. Basi Mungu kaleta faili.

Jumatano, 5 Machi

Hakunijua.

Kafungua mlango mwenyewe. Kazeeka — tumbo limemtangulia, magoti yanamfuata kwa shida. "Karibu mhandisi, karibu sana." Mimi si mhandisi, ni msanifu majengo. Nikaacha. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali, anaishi peke yake humo ndani kama panya kanisani. Akaniletea soda na gilasi aliyoifuta mbele yangu. Nikainywa. Nilitaka nione kama koo litakubali. Limekubali.

Nyumba sasa. Nilidhani nimeikuza kichwani, watoto ndivyo walivyo. Wapi. Ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka, na hilo ndilo lililoniuma. Kioo cha nusu mwezi juu ya mlango bado kizima, kinamwaga mwanga sakafuni kama upepeo uliokunjuliwa. Ngazi inapanda kwa kujizungusha, haina nguzo hata moja katikati. Kipandio kinamshika mwenzake, mwenzake anashika ukuta, basi. Aliyeijenga alijua hesabu na alijua watu: vipandio ni vifupi, mzee anapanda bila kuhema. Mkono wa ngazi umelainishwa na viganja vya wote waliowahi kuishi humo. Na mama yumo. Juu kabisa, kidirisha cha paani kinashusha mwanga hadi chini, kwa hiyo mchana hata koridoni huwashi taa. Dari ya sebule ina maua ya lipu, hakuna mawili yanayofanana. Kuna mtu aliyafinyanga kwa vidole, amelala chali juu ya jukwaa, vumbi la chokaa linamwingia machoni.

Na paa limeoza. Nimepanda darini nikachoma boriti kubwa kwa bisibisi. Imezama mpaka mpini. Miaka yote hiyo hajagusa kitu. Kanyang'anya nyumba halafu hata kuipenda hakuipenda.

Tulipofika chumba cha nyuma akasema, sauti ya huzuni kabisa: "Hapa alikaa kaka yangu, marehemu. Mkewe akapata mwanamume mwingine, akaondoka na mtoto. Tulimsihi abaki. Hakusikia."

Nikawa napima dirisha. Kalamu ilitoboa karatasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika ripoti siku nzima. Sijadanganya popote, na hiyo ndiyo raha yake. Kila sentensi kweli tupu, kila sentensi msumari.

Ngazi isiguswe. Kuta zisiguswe. Ua ubaki wazi. Napendekeza ulinzi wa daraja la kwanza, nje na ndani. Kisha matengenezo, ambayo kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba, apende asipende: boriti ibadilishwe kwa mbao ya aina ile ile. Lipu ya chokaa, si saruji. Vigae vya udongo vya kuchomwa kwa mkono. Kazi iishe kabla ya mwisho wa Mei. Isipoisha, mahakamani.

Mwenzangu wa meza ya pili — tunamwita Rula, kwa jinsi alivyonyooka — akasoma begani kwangu. "Dada, hapa umeua." Nikamwambia nyumba kama hizi hazilindwi kwa huruma. Siku ukihurumia kigae kimoja, paa lote limekwenda. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshika somo.

Nilishafunga kompyuta. Nikaifungua tena, nikaongeza moja: "Paa lisifunikwe kwa bati wala turubai, hata kwa muda, kwa kuwa hivyo huharibu sura ya jengo."

Sharti hilo halimo kwenye mwongozo wetu. Ni langu mwenyewe. Nilimwona akilini Baba Mdogo yuko kitandani, mvua inamdondokea usoni. Anasogeza kitanda. Inamfuata.

Jumanne, 18 Machi

Imepita. Daraja la kwanza. Kamati haikubadilisha hata koma.

Mtu wa hoteli kajitoa leo leo. Kasema alitaka kununua hoteli, hakutaka kununua makumbusho. Baba Mdogo kapiga simu ofisini mara kadhaa, Mkuu kachoka naye.

Nikapita kununua keki. Mama akauliza tunasherehekea nini. Nikasema nimesifiwa kazini. "Kwa jambo gani?" Kwa umakini, Mama. Akanitazama. Mama alikuwa opereta wa simu mpaka anastaafu. Maisha yake yote alisikiliza sauti za watu asiowaona. Ukimdanganya anainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama anavyofanya mtu mwenye kipokeo sikioni. Aliinamisha. Kisha akakata keki.

Ijumaa, 28 Machi

Siku niliyoingoja.

Baba Mdogo kaleta rufaa, kaja na wakili. Koti lile lile alilovaa kwenye mazishi ya baba, au linalofanana nalo. Akaomba ngazi tu iondolewe. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza maoni. Nikasimama, nikaeleza ngazi ile inavyobeba kuta mbili na kuta zile zinavyobeba paa. Ukiing'oa umeng'oa uti wa mgongo. Nilieleza kwa upole. Nilikuwa na sauti tamu leo, mpaka Rula akanigeukia.

Rufaa imetupwa.

Nikamkuta koridoni, kaketi kwenye benchi, anajipangusa shingo. Nikaketi karibu naye. Nikasema, "Baba Mdogo, shikamoo."

Aliitikia kabla hajafikiri. Mdomo uliitikia wenyewe. Halafu akanigeukia taratibu, akanitazama paji la uso, akanitazama mikono. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nikiwa mdogo, maneno mengi, mengine nilikuwa nayasema bafuni. Hayakuhitajika. Niliona yanavyomwingia moja moja bila mimi kuyasema.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Na mama hajambo. Yule mwanamume mwingine ndiye hatujamwona mpaka leo."

Nilidhani atafoka. Nilitamani afoke. Akatazama viatu vyake, kisha akasema polepole kwamba ameelewa. Akaagana nami kwa mkono. Kiganja kikavu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Sikuhisi uchovu. Watu wanasema kisasi kina uchungu. Waliosema hivyo hawakukipata.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nimetoka sokoni, nimekuta viatu vya wanaume mlangoni. Ndani: Baba Mdogo, wakili wake, wazee wawili wa ukoo niliowaona mara ya mwisho nikiwa mtoto. Mama kavaa nguo yake ya kutokea. Kikombe cha chai mbele ya kila mtu. Na hati mezani, imeshasainiwa. Wino umekauka.

Kampa mama nyumba.

Yote. Bila kudai chochote. Mzee mmoja alikuwa analia, anasema ukoo umepata mtu, dhamiri imemwamsha mwenzetu, ni wachache wanaorudisha. Baba Mdogo kainamisha uso kama mtawa. "Nilikosea, shemeji. Nimeona nisife na deni hili."

Nikabaki nimesimama na kapu. Nilielewa mara moja. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nyumba asiyoweza kuiuza, asiyoweza kuibomoa, ambayo inampeleka mahakamani mwisho wa Mei — ataifanyia nini? Kambebesha mama. Na kaondoka na sifa juu.

Nikamsindikiza mpaka kwenye geti. Adabu ni adabu. Pale nje, wengine wametangulia, akaniambia kwa sauti ya chini, karibu ya upendo:

"Sikumwambia nani aliandika yale masharti. Hilo nimekuachia wewe, mwanangu."

Jumapili, 13 Aprili

Nimejaribu asubuhi nzima. Mama, nyumba imeoza. Mama, ina amri ya serikali. Mama, huyu mtu hatoi kitu, anatupa kitu.

"Najua," akasema.

Unajua nini?

"Kaniambia mwenyewe, pembeni, wazee hawajafika. Shemeji, kuna mzigo wa matengenezo, ofisi imenikaba. Mimi sauti ile naijua. Ni ya mtu anayetaka kukata simu. Nikamwacha akate."

Sasa kwa nini ulisaini?

Alikuwa anapanga vikombe kabatini. Akavipanga vyote kwanza.

"Nilitolewa kwa mlango wa nyuma, godoro kichwani, wewe umenishika sketi. Majirani wakafunga madirisha ili wasione aibu yangu. Nataka niingie kwa mlango wa mbele. Paa liwe limeoza, lisiwe limeoza. Nataka waliofunga madirisha wanione. Walio hai."

Miaka yote hii na mwachie-Mungu yake. Kumbe tulikuwa tunapikia moto mmoja, kila mtu na chungu chake.

Halafu akaniuliza, mgongo kanipa: "Hiyo ofisi si yenu? Wewe hukuwemo?"

Nikasema ofisi ni kubwa, Mama, nyumba ni nyingi.

Akainamisha kichwa upande wa kushoto.

Jumatano, 7 Mei

Mama ameshahamia. Kaingia mchana, barabara imejaa watu, kwa mlango wa mbele. Alisimama kwanza kwenye kizingiti mpaka mtu wa duka la ng'ambo akatoka nje kumtazama. Ndipo akaingia. Ndani akavua viatu, akapanda ngazi kwa soksi, mkono kwenye mkono wa ngazi. Kipandio kimoja kililia. "Huyu bado analia," akasema. Akacheka. Sijamsikia mama akicheka hivyo. Ni kicheko cha msichana.

Kachagua chumba cha mbele juu, chenye madirisha yanayoanzia magotini. Chini kabisa ya bonde la paa, maji yanapokusanyika. Nikamwambia lala chini. Akasema chini alilala miaka yote.

Alasiri nikaitwa na Mkuu. Hati imefika ofisini, mtu kaunganisha majina. Sitaki kuandika yote aliyoniambia. Nimeficha undugu, nimeiaibisha ofisi, onyo la maandishi, nashukuru hakunifukuza. Ripoti yenyewe haina kosa, kasema, ndiyo maana inabaki ilivyo. Nikaomba angalau sharti la turubai liondolewe. Akanitazama kama mgonjwa. "Sasa hivi? Mama yako ndiye mwenye nyumba, unataka nikulegezee wewe?"

Faili kapewa Rula.

Baba Mdogo kapanga nyumba mpya pembezoni mwa mji. Yenye bati jipya, nasikia. Juzi kashangiliwa kwenye kikao cha ukoo.

Jumatano, 21 Mei

Mvua.

Ndoo mbili, sufuria, beseni la kufulia. Mama anaviita mabomba yake. Kitanda kimeshahama mara ya tatu. Maua ya lipu sebuleni yameanza kuwa na rangi ya chai, moja limedondoka zima, likavunjikia sakafuni. Nimekusanya vipande nikaviweka kwenye boksi. Nilikuwa najua uzito wake kabla sijakiinua hata kimoja.

Fundi wa chokaa kaja, katazama boriti, kaguna. Mbao ya aina ile haipatikani hapa, iagizwe. Pensheni ya mama na mshahara wangu ukichanganya hatufiki hata nusu ya boriti. Mume wangu kasema tukope. Nikasema tutaona.

Fundi akauliza kwa nini tusitupie turubai tu, wakati tunajipanga. Mama akamweleza kwamba ofisi imekataza. "Hata kwa muda?" Hata kwa muda. Fundi akasonya. "Watu wengine," akasema.

Nilikuwa nimeshika ndoo.

Alhamisi, 22 Mei

Rula kanifuata leo nje ya ofisi. Ana aibu, anazungumza akitazama mti. Kaniambia kaongea na mwanasheria. Zawadi ya nyumba yenye amri juu yake, kama aliyepewa hakuambiwa habari za amri, inatenguka. Nyumba inarudi kwa aliyeitoa. Na kesi yake inamngoja pale pale, safari hii na udanganyifu juu.

"Mama atamke tu mbele yangu kwamba hakuambiwa. Neno moja."

Yaani Baba Mdogo arudi chini ya paa lile. Mahakamani, ukoo wote unaangalia. Dhamiri yake yote ivuliwe koti hadharani. Niliona mpaka uso wake utakavyokaa.

Na mama atoke. Mara ya pili.

Lakini si atatoka kwa mlango wa mbele safari hii? Si ameshaonekana na wale aliotaka wamwone? Najiuliza mambo haya nikiwa nimekaa chumbani kwake, namkunjia nguo zilizolowa. Kaambiwa, ndiyo. Lakini hakukuwa na shahidi. Pembeni, wazee hawajafika. Neno la mama dhidi ya la Baba Mdogo, na nani atamwamini yeye?

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia mama. Si yote. Nimemwambia kuna njia: mwenzangu atakuja Ijumaa kukagua, atakuuliza kama uliambiwa. Ukisema hapana, tunamrudishia mzigo wake.

"Na nyumba?"

Inarudi nao.

Alikuwa anakausha mkono wa ngazi kwa kitambaa, kuanzia juu kuja chini, polepole. Akafika chini kabisa. "Wewe unamchukia kuliko mimi," akasema. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu aliyegundua kipimo.

Nikamwambia nina haki.

"Unayo. Mimi ndiye niliyebeba godoro, lakini wewe ndiye uliyeangalia." Akakamua kitambaa. "Aje huyo mwenzako. Nitamsikiliza kwanza."

Ijumaa, 30 Mei

Naandika nimekaa kwenye ngazi, katikati, pale inapojizungusha. Wao wako juu.

Rula kafika asubuhi na viatu safi. Kavivua mlangoni bila kuambiwa. Kakagua kila kitu, kapanda darini, kashuka na utando kichwani, hakuna hata kitu kimoja kilichofanywa, na anajua, na anajua kwamba mimi najua. Mama kampa chai kwenye chumba chake, kati ya ndoo. Kamwita mwanangu. Rula hajazoea.

Nilibaki mlangoni. Akasema, "Mama, sheria inanitaka nikusomee amri, kisha nikuulize swali moja." Mama akamwambia asome, tena asome yote, asiruke.

Kasoma. Sijawahi kuyasikia yakisomwa kwa sauti. Ngazi isiguswe. Chokaa, si saruji. Vigae vya kuchomwa kwa mkono. Rula anasoma vizuri, kwa kunyooka, bila huruma, kama nilivyomfundisha. Mama anasikiliza na macho kafumba, kichwa upande wa kushoto. Mimi najua anachofanya. Hasikilizi maneno. Anasikiliza mtu.

"Paa lisifunikwe kwa bati wala turubai, hata kwa muda."

Tone likaanguka kwenye beseni. Mama akafumbua macho.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hayo mengine ni ya sheria," mama akasema. "Hilo ni la mtu. Aliyeliandika ni nani? Hana mama huyo?"

Rula akakunja karatasi. Akaikunjua. Akanyanyua uso akanitazama mimi, na hakuweza kuacha kunitazama. Nikasema nashuka kuleta sukari. Chai ilikuwa na sukari.

Swali lake hajaliuliza bado. Nasikia anakohoa. Nasikia kijiko. Akiuliza, na mama akijibu hapana, leo leo yule mtu anarudishiwa nyumba yake na kesi yake, na mimi nimepata vyote nilivyotaka. Mama akijibu ndiyo, Jumatatu anashitakiwa yeye, kwa maneno yangu.

Sasa kauliza. 

Mama ananiita. Si kwa ukali. Anasema, panda, mwanangu, mwenzako ananingoja nijibu, na mimi nakungoja wewe.